Trekta Limekataa Kuinua, Kijiji Kizima Kimekuwa Fundi

Mtu wa Dar ukimwambia umekwama shambani kwa sababu ya baridi, anacheka. Yeye baridi anayoijua ni ya kiyoyozi cha benki. Njoo Njombe mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zimeota sakitu nyeupe, ushike spana kwa mkono mtupu. Halafu tuongee.

Trekta langu ni la miaka ya 1970. Injini yake haina neno: inakohoa, inatema moshi mweupe, inakubali. Kinachogoma ni haidroliki, ule mfumo wa oili unaoinua plau, yaani jembe la nyuma. Navuta liva ya kuinulia, nasikia chini ya kiti mlio wa ng'wiiii, mlio wa mtu anayeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Plau haitikisiki. Sahani zote tatu zimezama udongoni, na mama mwenye shamba amesimama na khanga yake begani, amekunja mikono.

"Kamwene, Baba Upendo. Hatujaanza tu?"

"Tunapasha moto, mama."

Kosa la kwanza la trekta kuharibika mahali pa wazi ni kwamba watu wanaona. Hata jua halijatoka, lakini washauri wameshatoka. Tingo wangu anataka tupige giaboksi kwa nyundo, "ishtuke." Kijana wa bodaboda anasema pampu imekufa, na kwa bahati ya ajabu binamu yake Makambako anayo iliyotumika. Mwalimu mstaafu, ambaye sijawahi kumwona ameshika hata bisibisi, anatamka neno "presha" kwa utulivu mkubwa kisha ananyamaza, tubaki tunamheshimu. Mzee wa jirani anashauri jiko la mkaa liwekwe chini ya tumbo la trekta. Zamani walikuwa wanafanya hivyo kwenye malori, anasema. Namuuliza, malori yenyewe yako wapi sasa? Tumbo lote la trekta limelowa dizeli na oili, chini kuna mabua makavu ya mahindi, huyu mzee anataka kunichoma mimi na mtaji wangu.

Kinachonikera ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesema, "Umeangalia oili?" Pampu ina hadhi, oili haina.

Ngoja niwaeleze, kwa sababu pale shambani hawakunisikiliza. Kwenye matrekta ya mtindo huu, oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki ni hiyo hiyo moja. Pampu nayo haiko nje uione. Imezamishwa ndani ya oili, chini kabisa ya kiti cha dereva, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine za nyuma. Liva ya PTO ikiwa haijaingia, pampu imelala, hata uvute liva ya kuinulia mpaka ing'oke. Jirani yangu mmoja hilo hakuambiwa. Alifungua kiti, akafungua bolti zote, wanaume wakakusanyika kubeba mfuniko wa juu, chuma kizito kweli, wakauangusha karibu na mguu wa shemeji yake. Walipomaliza kurudisha kila kitu, bado plau haikuinuka. Mtoto wake wa darasa la tano alikuwa anachezea liva pembeni, ikaingia. Plau ikanyanyuka. Yule mtoto alichapwa, mpaka leo sijaelewa kwa kosa gani.

Basi, PTO yangu imeingia. Natoa dipstiki. Oili imefika alama, lakini rangi yake ni ya chai ya maziwa. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: maji. Mpira wa kwenye liva ya gia umechanika, masika yote mvua imekuwa ikitiririka humo ndani, na trekta linalala nje kwa sababu ndani ya banda kuna mbuzi. (Suala la mbuzi tumelijadili nyumbani. Mbuzi wameshinda.) Oili ikichanganyika na maji, halafu ikapigwa na baridi, inakuwa nzito, chujio linaziba, pampu inanyonya hewa badala ya oili. Ule mlio wa ng'wiiii ndio huo. Kwa wenzetu wa Ulaya maji hayo huganda kabisa yakawa barafu ndani ya trekta, kwa hiyo nashukuru kidogo.

Fundi mmoja wa mjini, kabla hajaona chochote, alinitajia kwa simu bei ya kubadilisha oringi za pistoni, vile vipete vya kuzuia oili isivuje. Mzee wangu, oringi zikichoka, mikono ya trekta inayobeba plau inainuka, ila ukizima injini plau inashuka yenyewe. Yangu hata haijainuka, itashukaje? Na haidroliki inayogoma asubuhi si sawa na inayogoma mchana. Inayogoma kwenye baridi kisha ikakubali jua likipanda, tafuta oili na chujio. Inayoinua asubuhi kisha oili ikipata moto inalegea, hapo ndipo uanze kuiombolezea pampu, maana imelika, na oili nyepesi inaipenya. Fundi akasema, "Wewe kumbe unajua, unanipigia simu ya nini?" Akakata. Na vocha ilikuwa yangu.

Nikafanya linalofanyika. Trekta lilikuwa limetulia usiku kucha, na maji hukaa chini ya oili, hivyo nililegeza bolti ya kumwagia taratibu. Yakatoka maji kwanza, maji kweli, tena ya kutosha kunywesha wale mbuzi. Nikamwaga yote, nikasafisha chujio lililojaa utelezi mweupe, nikaweka oili mpya. Bei ya oili mpya sitaitaja, mama Upendo huwa anasikia kila kitu.

Harry Ferguson, yule mtu wa Ireland aliyebuni mfumo huu wa kubeba plau nyuma ya trekta, mwaka 1909 aliruka kwa ndege aliyoiunda mwenyewe. Mtu anapaa! Mimi naomba plau ipande kufika usawa wa goti tu.

Nikawasha. Nikaacha injini izunguke polepole oili ipate joto, liva sijaigusa, huku kijiji kikinitazama kana kwamba nachelewesha jua. Saa nne hivi nikavuta. Mikono ikapanda taratibu, bila mlio, sahani zikatoka udongoni zinang'aa. Makofi! Tingo akasema ni ile nyundo. Bodaboda akasema pampu "imejiogopea" binamu yake. Mwalimu akatikisa kichwa: "Presha." Mzee akaondoka na jiko lake kwa uchungu.

Nikatia gia, nikafika mwanzo wa shamba, nikasukuma liva kushusha plau.

Haishuki.

Nikasukuma tena. Nikaruka juu ya kiti. Tingo akapanda juu ya plau na viatu vyake vya mvua, akaning'inia. Valvu imenata juu, plau inaelea, kijiji kimeanza kurudi mmoja mmoja, na mwalimu anasafisha koo.

Mama mwenye shamba akasogea, akaangalia plau juu, akaangalia udongo.

"Baba Upendo," akasema kwa upole, "mimi shamba langu liko huku chini."