Kuaga ni Kuombana Ruhusa

Neno "kwaheri" huja mwisho kabisa, lakini kuaga huwa kumeshaanza zamani. Wasikilize watu kwenye simu: "haya basi", kisha "nisikuchoshe", halafu "wasalimie wote". Hapo hapo mmoja anakumbuka habari aliyoisahau, na mnaanza upya. Mwaka 1973 wanasosholojia wa Marekani, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, waliandika makala kuhusu jambo hili. Walionyesha kwamba ile "sawa" fupi, isiyo na habari yoyote ndani yake, humpa mwenzako nafasi ya kutoa lililobaki moyoni. Naye akijibu "sawa", mmeshakubaliana kuachana.

Kwa hiyo wanaolalamikia maagano marefu siwaungi mkono. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021 ulikuta kwamba ni takriban asilimia 2 tu ya mazungumzo yaliyokoma pale ambapo wote wawili walitaka yakome. Kila mtu anaficha hamu yake ya kuondoka, au ya kubaki, asije akamuudhi mwenzake. Bila zile "haya basi" tungejuanaje? Kitabu cha simu cha mji wa New Haven, Marekani, cha 1878 kiliwashauri wateja wamalize maongezi kwa kusema "hayo tu". Hakuna aliyeshika ushauri huo, na afadhali.

Barua zilikuwa na taratibu zake. Warumi walifunga kwa kutakiana afya. Sisi tuna "wasalaam", na tuna "wako mtiifu", hata pale mwandishi anapodai malimbikizo ya mshahara kwa hasira. Ninayoipenda kuliko zote ni "sina mengi ya kukueleza", inayotokea ukurasa wa nne.

Ujumbe wa simu ndio uliovunja mpango mzima. Mmoja anaandika "poa", mwingine anaweka kidole gumba, kisha kimya. Wengi huita huo utovu wa adabu. Mimi sioni hivyo. Kesho mnaendelea mlipoishia bila hata "hujambo", na kuna raha yake. Kinachonisumbua ni kwamba pasipo na aliyeaga, hakuna aliyeruhusiwa kwenda. Unalala huku unadaiwa jibu, na ukichelewa unaulizwa ulikuwa wapi.

Ndiyo maana usiku naandika waziwazi: "Naaga, tutaongea kesho." Wapo wanaonipigia papo hapo kuuliza nimekasirishwa na nini.