Kwani Weye Mwana wa Nani?

Jamani mota ya kisima cha mtaa imekufa tena, na leo asubuhi hata hamri la kwanza sijalimeza yule kijana wa daftari ashasimama mlangoni. "Hodi ami! Mchango wa mota." Ami! Akiwa na daftari mkononi mimi ni ami yake, damu moja, ziwa moja. Juzi tu alipita pale kwenye baraza ya kahawa akampa mkono kila mtu, akamsalimia mpaka paka, mimi akaniruka. Nikamwambia hebu lete hilo daftari nilione. Jina langu liko la kwanza kabisa, limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na chini yake wamejipanga watu wenye nyumba za ghorofa mtaani humu ambao hawajatoa hata shilingi tangu Maulidi ya mwaka jana. Mbona hawa hawana mstari? Akasema, "Hao ni wenyewe ami, hao hawaendi popote."

Sasa mimi ninakwenda wapi? Mke ni wa Lamu hapa hapa, watoto wamezaliwa Lamu, karakana yangu ya mashine za boti iko Lamu, madeni yangu yote yako Lamu. Nikamtumia kwa M-Pesa, na ya kutolea juu. Msiniulize kwa nini nililipa, mnajua.

Kinachoniuma si pesa (uongo, pesa pia inaniuma), kinachoniuma ni kwamba mimi ni fundi. Nashinda na mashine mchana kutwa, mafuta yameingia kwenye kucha mpaka mke wangu ameacha kuyasema. Na mota ile siri yake naijua. Watu wanaiwasha kisha wanaenda zao kulala, maji ya kisima yanashuka chini ya bomba, inabaki inavuta hewa, inapata moto, waya za ndani zinaungua, kwisha. Dawa yake ni swichi ya floti ya kuizima yenyewe maji yakipungua, kitu cha bei ya kilo mbili tatu za nyama. Basi. Si uchawi huo.

Kwa hiyo jana tulipoitwa mkutano baada ya Ishaa nilikwenda nimejiandaa. Kanzu imepigwa pasi, kofia, udi kidogo shingoni. Nikakaa mwisho wa baraza kwa adabu, nikanywa kahawa yangu, nikasubiri waongee wakubwa. Wakaongea. Mmoja alisema mota ina jicho, mwingine akasema mota za zamani zilikuwa za Muingereza na hizi za sasa zote ni plastiki. Mwenyekiti akasema mwenye maoni mengine aseme, nikanyanyua mkono, nikasimama, nikakohoa kile kikohozi cha watu wazima. "Wazee wangu, assalamu aleikum. Mimi kwa ufundi wangu nilikuwa naona hii mota..."

"Hebu ngoja kwanza." Ni mzee mmoja pale katikati, kofia ya vito, bakora ameibana kwa magoti, kikombe kimefika nusu ya safari ya kwenda mdomoni kikasimama hapo hapo. Akaniangalia kuanzia ndara mpaka kofia. "Kwani weye mwana wa nani?"

Wallahi mzee huyu jenereta lake nimelitengeneza kwa mikono yangu. Harusi ya mjukuu wake nimebeba masufuria ya biriani kutoka uchochoro hadi uchochoro na punda nimewasukuma. Magharibi ya siku hiyo hiyo tumeswali safu moja, bega kwa bega. Nikasema kwa heshima, mzee mimi ni mume wa fulani binti fulani.

"Hilo twayua. Huyo ni mkeo. Nakuuliza weye."

"Baba yangu ni wa Malindi, mzee."

Baraza nzima ikasema aaaah, ile aah ndefu, ya kumbe. Mzee akaweka kikombe chini taratibu kabisa.

"Malindi," akasema. "Malindi ndio waliompokea Mreno."

Mwaka 1498 huo jamani! Ndio, sikatai, Vasco da Gama alifika Mombasa mambo yakamgeukia, akaja Malindi mfalme wetu akamkirimu na rubani akampa wa kumfikisha Bara Hindi, na ile nguzo yake ya msalaba iko mpaka leo pale kwenye mwamba, watu wanaenda kupiga picha. Lakini mimi nilisimama kuongea mota! Nikamwambia mzee, mimi sikuwepo. Akasema, "Hukuwepo, lakini ni tabia." Na kule pembeni mwingine ambaye nilidhani amelala akafumbua jicho moja akasema, "Twiga pia walimpelekea Mchina."

Twiga. Mwaka 1415. Na mimi mjinga nikaanza kumtetea twiga! Nikasema ile ilikuwa zawadi wazee wangu, wafalme walikuwa wakipeana zawadi, ndiyo ilikuwa biashara ya zamani. Nimesimama pale na kanzu yangu ya pasi namtetea mnyama aliyekufa miaka 600 iliyopita. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wenzake kwamba mtu anayemtoa twiga akamvusha bahari, huyo ukimpa ufunguo wa mota ataupeleka wapi?

Shemeji yangu, Mungu ambariki, akaona naaibika akataka kuniokoa. Akapaza sauti, "Lakini wazee, huyu bibi yake mzaa mama ni wa huku huku kwetu visiwani, ni wa Pate!"

Afadhali angenyamaza nibaki na twiga wangu. Pate! Bakora ikagonga sakafu. "Si ndio walotujia Shela na Mazrui!" Basi hapo ndipo mkutano ulipopotelea, maana kama kuna kitu watu wa mji huu wanakipenda kuliko halua ni vita vya Shela, kijiji cha pwani hapa hapa kisiwani. Vimepita zaidi ya miaka 200 lakini mzee alivisimulia kama mtu aliyetoka huko mchana ule na viatu bado vina mchanga. Jeshi la Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa wa zama hizo, limeshuka pwani limejaa kiburi, watu wa Amu, yaani Lamu hii hii, wamewakabili, wamewasukuma nyuma mpaka majini, na maji hakuna! Bahari imekupwa, vyombo vimekaa mchangani, wa kupanda hana pa kupanda. Mzee akanionyesha mimi kwa bakora alipofika hapo, kana kwamba nami ni mmoja wa waliokuwa wanatafuta dau. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wakaja kukaa chini. Muuza kahawa akajaza vikombe tena. Mwenyekiti mwenyewe, aliyetuita kwa ajili ya maji, akawa anadakia, "Na mifupa je, ilionekana mchangani miaka na miaka!" Mimi bado nimesimama, kidole changu bado kiko hewani nusu.

Halafu sehemu tamu zaidi hawakuisimulia, nikabaki nayo kifuani. Walipokwisha kumshinda jirani ambaye ni mwendo wa dau tu kutoka hapa, wakaogopa atarudi kulipiza, wakapeleka watu hadi Oman kwa Sayyid Said aje awalinde. Akaleta liwali, yaani gavana wake, na askari, ngome ile ya pale sokoni ikamalizwa mnamo 1821, na akishafika hakuondoka tena. Huyo mbona hakusimamishwa barazani? Ngome yenyewe baadaye serikali ikaifanya jela mpaka 1984, lakini hiyo ni stori nyingine.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikasema, kwa sauti ya chini, wazee wangu hata Habib Swaleh, shekhe wetu mkubwa, alizaliwa Ngazija kule Komoro, akaja hapa mgeni, akaanza kusomesha watoto ambao wakubwa wa mji hawakuwa na haja nao, na leo watu wanatoka Tanzania na Uganda kuja Maulidi ya Riyadha kwa ajili ya yule yule mgeni. Kimya kikaingia. Nikadhani nimeshinda. Mzee akavuta pumzi, akasema, "Weye si Habib Swaleh."

Hapo sasa ningejibu nini? Nikakaa.

Azimio la mkutano: aletwe fundi kutoka Mombasa. Nauli ya basi juu yetu, boti ya kumvusha kutoka Mokowe kule bara juu yetu, malipo yake kwenye mchango. Shemeji akauliza kwa nini asipewe huyu fundi aliyeko hapa, wakasema haifai, huyu ni mkwe wetu, mkwe halipwi kwa kazi, ni aibu. Mnaona walivyonifunga? Kuongea siwezi kwa sababu mimi mgeni, kulipwa siwezi kwa sababu mimi wa nyumbani. Na fundi akifika atalala wapi? "Kwa shemeji si kuna chumba." Chumba changu mimi!

Na msidhani ni wageni wote wanaopata shida hii. Kuna mzungu amenunua nyumba Shela, anakuja na kaskazi anaondoka kusi ikianza kuvuma, Kiswahili chake chote ni karibu na pole pole, na akipita hapa na kikoi chake wanamsogezea mto akae. Yeye hajaulizwa habari za Mreno, wakati Mreno ni jirani yake kabisa kule kwao.

Barabarani nako ni hivyo hivyo. Kule baada ya Garsen polisi wanatushusha kwenye basi, kipande cha kitambulisho mkononi, unaenda Lamu kufanya nini, nakaa huko, mbona kipande kinasema Malindi. Nikifika Malindi sasa, kwa ndugu zangu wa tumbo moja, "Ooh mtu wa Lamu amekuja, umetuletea halua?" Halafu wanasema naongea kwa kuvuta.

Kwa wakwe ndio usiseme. Ijumaa mashemeji wote wanakaa chini kwenye sinia moja la wali wa nazi, wanamegeana samaki, wanacheka, mafuta hadi viwiko, na mimi mama mkwe ananiwekea peke yangu juu ya meza ile sahani yenye mstari wa dhahabu, na uma, na kijiko, na kitambaa kimekunjwa pembe tatu. Kila Ijumaa. Nyama nzuri yote iko kwangu na hakuna wa kuongea naye. Nimemwambia mama, mimi nile na wenzangu, akasema, "Baba weee, mgeni ale chini?"

Haya mimi ni mtu mzima nitavumilia. Lakini mwanangu wa pili juzi ametoka madrasa ananiuliza, baba, mimi ni wa wapi? Kwa nini unauliza? Ati wenzake wamemwambia yeye ni wa Malindi. Mtoto huyu Malindi anaijua kwa Idi tu! Kila uchochoro wa mji huu anaujua gizani, punda wa mtaa anawaita kwa majina, anaogelea pale gatini mpaka ngozi imebabuka, na akikasirika anatukana Kiamu cha ndani kabisa ambacho mimi mwenyewe sikielewi. Wa wapi huyu kama si wa hapa? Nani atanijibu? Kamati?

Nilichokumbuka ni fundi wa Mombasa wa safari ile, mota ilipokufa mara ya kwanza. Kalala kwangu, kala kwangu, akaifungua mota, akainusa, akajikuna kisogo, akanigeukia. "Kaka, nyinyi wenyeji hapa spana ya 17 mnaipata wapi?" Mtu wa kwanza kuniita mwenyeji tangu nije Lamu! Nikaenda mbio kuileta ya kwangu, spana nzuri, ile ya chuma cha zamani. Nikamshauri habari ya floti akasema ni wazo zuri, hakuiweka. Akachukua pesa zake, akavuka Mokowe, akaondoka na spana.

Nimempigia mpaka nimechoka. Sasa ati ameituma kwa basi, iko ofisi ya vifurushi, na boti ya kunivusha kwenda kuichukua leo imepandisha nauli kwa sababu ya bahari chafu, wakati bahari nikiitazama kutoka hapa imelala kabisa. Nimeuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi, kijana wa boti akaniambia saa tatu. Kisha akanitazama vizuri akasema, "Lakini ami kama wewe ni mgeni, nenda saa tano."