1-2-Switch ni gemu la wageni, na kwetu wageni hawaishi

Gemu la 1-2-Switch lilitoka siku moja na Nintendo Switch, mashine ya kuchezea gemu ya kampuni ya Nintendo, tarehe 3 Machi 2017, na tangu siku hiyo linasemwa vibaya. Lawama nyingi ni za haki. Ipo moja tu ninayoikataa, ile ya kwamba halidumu: ukilicheza jioni moja, basi limekwisha. Kwa mtu anayeishi na mwenzake kwenye nyumba ya vyumba viwili huko Ulaya, sibishi. Mimi niko Bombo, Uganda, katika ukoo ambao Idi ikifika hujui nani amelala chumba kipi.

Switch ilikuja na kontrola mbili ndogo, Joy-Con, ambazo unazichomoa ubavuni mwa mashine na kila mtu akashika ya kwake. Zinatambua mkono unavyokwenda, zina mtetemo mwepesi sana unaoitwa HD Rumble, na ya kulia ina kamera ya infraredi. Haya ni mambo ambayo ukimweleza mtu kwa mdomo atakuitikia tu kwa adabu. Kwa hiyo Nintendo ikatunga michezo midogo 28, mingi yake ikiwa ya kuonyesha ujanja wa hizo kontrola. Upo wa kuhesabu gololi: unailaza kontrola kiganjani, unaiinamisha polepole, na unazisikia gololi zikibingirika na kugongana ndani ya plastiki isiyo na gololi hata moja. Shangazi yangu aliitikisa karibu na sikio, akaigeuza, akaanza kutafuta pa kuifungulia. Upo wa kula mkate, ambapo unaweka kontrola mbele ya mdomo na kutafuna hewa kama mwendawazimu huku kamera ikihesabu. Upo wa bastola: mnatazamana machoni, amri ikitoka, mwenye mkono mwepesi ndiye mshindi.

Halafu upo wa kukamua ng'ombe. Huu watu waliucheka sana mtandaoni, na nadhani waliocheka hawajawahi kukamua. Hajati, mama yake shemeji yangu, ni mtu wa Kiruhura, kwa wafugaji wa magharibi mwa Uganda. Ng'ombe kwake wana majina kama watoto. Alipokabidhiwa kontrola alivuta kwanza kigoda, akakaa, akakunja vazi lake la gomesi katikati ya magoti. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuvutavuta kwa fujo. “Mwanangu, ukimvuta hivyo atakupiga teke,” Hajati akamwambia, bila kucheka. Yeye alianza kubana juu, akashusha vidole huku mkono ukifuata, kwa mwendo ule ule, juu chini, juu chini. Na hivyo ndivyo gemu linavyotaka: ubonyeze vitufe vya ubavuni kwa mpangilio huku ukishusha mkono. Glasi zake zikajaa moja baada ya nyingine, za kijana zikabaki na matone. Mtu aliyeubuni mchezo huu alikaa kweli na ng'ombe, au na mkamuaji.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba Hajati hakuitazama televisheni hata kidogo. Gemu zima limetungwa hivyo, wachezaji watazamane badala ya kukodolea skrini. Vibanda vya PlayStation vimejaa huku kwetu, vijana wawili bega kwa bega, macho mbele, mpira mpaka jioni, na mtu mzima akiingia ni wa kuuliza chenji au kumtafuta mwanawe. Sasa nenda stendi yoyote ya boda boda uangalie ludo: wachezaji wanne, watazamaji kumi, na nusu ya ushindi ni mdomo. 1-2-Switch liko upande wa ludo. Linataka umtishe mpinzani, umchekeshe, umvuruge. Linataka pia watazamaji ambao hawajaliona, na hapo ndipo jibu langu kwa wanaosema halidumu. Mchezo wa gololi ukishaujua umeujua, ni kweli. Lakini uso wa mjomba aliyewasili leo kutoka Arua haujajua.

Umeme ukikatika, na utakatika, unaichomoa mashine kwenye kituo kinachoiunganisha na televisheni, unaisimamisha mezani, mnaendelea. Ina skrini yake ya inchi 6.2, na kwa michezo ya kutazamana sauti peke yake inatosha.

Kwenye bei lakini sina utetezi. Nintendo hiyohiyo, ilipoleta mashine ya Wii mwaka 2006, iliweka gemu la Wii Sports ndani ya boksi karibu kila nchi isipokuwa Japani, na gemu hilo likafika nyumba zaidi ya milioni 80. Bibi alishika rimoti, akarusha tenisi, biashara ikaisha. Mwaka 2020 Sony ikaliweka gemu la Astro's Playroom ndani ya kila PlayStation 5, bure, ili ujue kontrola yake mpya inafanya nini. Halafu 1-2-Switch likauzwa peke yake kwa dola 50, kama laki moja na themanini za Uganda, juu ya dola 300 za mashine. Unamtoza mteja pesa ili umwonyeshe alichokinunua! Na hawakujifunza: mwaka 2025 Switch 2 ilipotoka, ziara ya kuionyesha, Welcome Tour, nayo iliuzwa dola 10.

Mwaka 2023 walileta mrithi, Everybody 1-2-Switch, dola 30, ambapo hadi watu 100 wanaweza kucheza kwa simu zao. Kwangu huko ni kurudi nyuma. Ukimpa mtu simu mkononi umemrudishia skrini, na ujumbe wa WhatsApp ukiingia ameshatoka mchezoni.

Kwa hiyo la kwanza ndilo ninalolipendekeza, ila si kwa bei ya dukani: tafuta kadi ya gemu iliyotumika, au azima kwa mtu kabla ya sikukuu. Mwenye Switch 2 asigawe Joy-Con zake za zamani, kwa sababu mpya hazina kamera ya infraredi na bila hiyo mchezo wa kula mkate hauchezeki.