Mkaazi wa Birikani

Nyumba hiyo ya wageni, iliyo katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, si mbali na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ilikuwa imekarabatiwa kwa uaminifu wa kutisha. Kuta za mawe ya matumbawe zilipakwa chokaa upya, dari ikarejeshewa boriti za mikoko, mlango wa nakshi ukasafishwa, na mimi, niliyefika shati limenigandama mgongoni kwa joto la Machi, nikaelezwa kwa fahari kwamba hata bafu limeachwa kama walivyoliacha wazee: birika la mawe lililojengewa pembeni, na kata ya kifuu juu yake.

Umeme ulikatika nikiwa nimekwisha kujipaka sabuni hadi machoni. Nikaipapasa kata, nikachota, nikajimwagia. Na pamoja na maji kikaja kitu chenye uhai, kikanipiga utosini, kikateleza shingoni, kikaufuata uti wa mgongo kikijinyonganyonga, kisha kikaanza kupigapiga sakafuni karibu na vidole vyangu vya miguu.

Kuta nene kama zile, nasikia, huzuia joto na kelele. Yowe langu halikuzuiwa hata kidogo, maana wazee waliokuwa wakinywa kahawa barazani walinyamaza wote, kisha mmoja akauliza kwa upole, "Mgeni kazaa?"

Msimamizi, mzee mwenye kofia ya viua, alifika na kurunzi.

"Mzima?"

"Mzima, mzee wangu," nikajibu, nimeushikilia msuli kwa mikono miwili.

"Sikuulizi wewe, mwanangu. Namuulizia samaki."

Alimwinua yule samaki, ambaye hakuzidi urefu wa kidole, akamsuuza ndani ya kata huku akiilalamikia sabuni yangu kwa ukali wa harufu yake, akamrudisha birikani. Ndipo akanifafanulia, bila haraka yoyote, kwamba zamani majumba ya Waswahili yalifuga samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu, na kwamba kukarabati birika bila samaki ni kazi nusu.

Nilimkumbusha kwamba nimelipia chumba cha mtu mmoja.

"Kwani yeye alala kitandani?"

Hatimaye akaniletea ndoo ya plastiki, chombo pekee kisicho cha kihistoria katika nyumba ile, nami nikamwomba aimulike kwanza.