Uzee Haukuvunja Mfuniko wa Mtaro

Tangu bibi arudi hospitali na nyonga iliyovunjika, kila anayekuja kumpa pole anakaa jamvini, anashusha pumzi, anasema: "Ndiyo uzee huo, mwanangu." Wa nne alipolisema, nikatoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Uzee gani? Bibi katoka alfajiri kununua vitumbua, mvua imenyesha usiku, kakanyaga ule ubao tulioziba nao mtaro mfuniko ulipovunjika. Ubao umeoza. Mtaa mzima tunalijua shimo lile. Watoto wanaliruka, bodaboda wanalikwepa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa analizunguka asichafue suruali. Na kuchangishana hakujatushinda, jamani! Harusi ya juzi grupu la WhatsApp lilikuwa halilali: kadi, ahadi, vikumbusho, vikao saba vya kamati. Mfuniko wa zege ni nini? Mfuko wa saruji, vipande vya nondo, kokoto na asubuhi moja ya Jumapili. Bibi huyu huyu ujanani kwenye msaragambo, kazi ya kujitolea ya watu wote, alibeba mawe kichwani ya kujengea shule tuliyosoma sisi. Leo tumekosa wa kumbebea ndoo moja ya zege.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na waliopita miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Wote hao "ndiyo uzee"?

Haya, nakubali: ana mtoto wa jicho, dawa za presha zinampa kizunguzungu akiinuka ghafla, na fimbo tuliyomnunulia anafukuzia kuku. Lakini mtoto wa jicho hakuvunja mfuniko.

Na nyinyi mnaowawekea mama zenu marumaru za kung'aa bafuni, mmewahi kuzikanyaga zikiwa na povu la sabuni? Wekeni za kukwaruza, na bomba la kushikia ukutani.

Hospitalini, sitasema uongo, tulipishwa foleni. "Mzee kwanza." Kwanza baada ya mfupa kuvunjika.

Jumapili nikamwita fundi. Tunakoroga zege, kapita mjumbe mmoja wa kamati ile ya harusi, kauruka mtaro kwa madaha, akageuka:

"Mnajenga fremu?"