Kompyuta za msaada: ubao wa Akoto na hofu ya Uganda

Mwaka 2018 mwalimu mmoja wa Ghana, Richard Appiah Akoto, alichora ukurasa wa Microsoft Word ubaoni kwa chaki, menyu zote na vitufe vyake, kwa kuwa shule yake haikuwa na kompyuta na wanafunzi walikuwa na mtihani wa somo hilo. Picha zikaenea duniani, misaada ikaanza kumiminika.

Naikumbuka picha ile kila ninaposikia kwamba Afrika ikatae kompyuta zilizotumika. Hoja hiyo ina uzito. Uganda ilizipiga marufuku mwaka 2009, pamoja na vifaa vingine vya umeme vya mitumba, isije ikageuzwa jalala. Skrini za zamani, zile zenye kisogo, zina madini ya risasi ndani ya kioo. Nyaya huchomwa na vijana wanaotafuta shaba, na moshi wanaovuta ni sumu. Tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki zivuke mpaka kwa ridhaa ya nchi inayozipokea, lakini mzigo ukiandikwa "bidhaa zilizotumika" badala ya taka, mara nyingi unapita.

Hata hivyo marufuku haimnunulii mtoto kompyuta. Mtoto wa shule ya Akoto hakuwa akichagua kati ya kuukuu na mpya; alikuwa na chaki. Mashine ya miaka minane ikibadilishiwa diski, ikaongezwa kumbukumbu na kuwekewa toleo jepesi la Linux, mfumo endeshi wa bure, inafundisha kuandika, hesabu za jedwali na hata programu za kwanza bila shida.

Kenya ilipita njia ninayoiona bora. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, lilizikarabati kompyuta za msaada jijini Nairobi na kuzipeleka shuleni, kisha likakutana na swali ambalo wafadhili wengi hawaliulizi: zikifa, zinakwenda wapi? Jibu lake likawa kituo cha kukusanya na kuchambua taka za kielektroniki, WEEE Centre. Mafundi wanaozifufua mashine ndio wanaojua ipi haifufuki, na ni heri hukumu hiyo itolewe kabla ya kontena kupakiwa kuliko shuleni, ambako mwalimu mkuu huishia kufungia maiti za kompyuta stoo kwa kuogopa wakaguzi wa mali.

Kwa hiyo nasema tupokee, ila kwa masharti yetu: kila mashine iwashwe na kupimwa huko inakotoka, na mtoaji agharamie pia mazishi yake. Tuyaandike sasa. Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi wa kompyuta nyingi, na ofisi za Ulaya na Marekani zinaondoa kompyuta nyingi zisizokubali toleo jipya ilhali bado ni nzima. Nyingi zitatafutiwa shule.