Bendi Nzuri Ikizaliwa Mtwara, Kwa Nini Tunaikimbiza Dar?

Mtwara au Lindi, bendi changa ikipiga vizuri usiku mmoja tu, kufika asubuhi ushauri umeshatolewa: hawa vijana wanapoteza muda huku, waende Dar. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, tena mara nyingi na wale wale waliokuwa wa kwanza kuwagundua. Upande wa pili wamo wachache, wengi wao wapiga vyombo wa zamani na wenye kumbi, wanaosema bendi iachwe ikomae nyumbani kwanza. Hao huambiwa wana wivu, au wanataka vijana wafe maskini pamoja nao. Nionavyo mimi, hawajasikilizwa.

Wanaosema "waende" wana ushahidi mkononi, na ni mzito. Harmonize, mwimbaji wa Bongo Fleva, ni kijana wa Kimakonde kutoka Mtwara. Alikwenda Dar, akachukuliwa na WCB, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2015, akatoka humo mwaka 2019 akaanzisha lebo yake mwenyewe, yenye jina la Konde. Angebaki huku, nani angemjua? Studio za maana ziko Dar, redio na televisheni zinazosikika nchi nzima ziko Dar, mapromota wenye fedha wako Dar. Kijana wa miaka ishirini na mbili anayepiga gitaa la solo kuliko watu wote aliowahi kuwaona hana sababu ya kusubiri wazee waridhike.

Lakini Harmonize aliondoka akiwa sauti moja. Sauti moja inapanda basi na begi. Bendi ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo hesabu inaponikosesha usingizi.

Tuchukue bendi ya watu saba: waimbaji wawili, solo, ridhimu, besi, drams na tumba. Tuseme inapiga kila Ijumaa, kiingilio ni shilingi 3,000, na mlangoni wanapita watu 100, ambao kwa bendi isiyo na jina si haba. Ni 300,000. Toa 100,000 ya kukodi spika na fundi mitambo. Toa 30,000 ya mafuta ya jenereta, maana umeme wa huku watu wanaujua. Toa 20,000 ya bajaji za kubeba vyombo. Inabaki 150,000, kila mmoja anapata kama 21,400. Haya, sasa waende Dar. Kutoka Mtwara barabara ni zaidi ya kilomita 500. Tuseme nauli ni 35,000 kwa kichwa: watu saba, kwenda na kurudi, ni 490,000. Hapo hawajala, hawajalala popote, na drams hazijalipiwa mzigo. Safari moja ya kwenda kujaribu bahati inameza mapato ya wiki tatu za bendi nzima na bado haijatosha.

Kwa hiyo nani anasafiri? Anasafiri mwimbaji. Nauli yake ni 70,000, mashabiki wanamchangia kwa jioni moja. Akifika anaambiwa na mtayarishaji kwamba ana sauti nzuri, biti ipo tayari, aingie ndani arekodi. Hakuna aliyemdhulumu, wala hakuna aliyekusudia kuivunja bendi. Ila huku nyuma wamebaki watu sita na wimbo ambao mwenye sauti yake hayupo. Baada ya miezi miwili mpiga besi yuko kwenye bodaboda, mpiga drams anapiga kanisani Jumapili, na sisi tunasema bendi za Kusini hazidumu. Tunaposema "waende Dar" tunadhani tumeipeleka bendi. Tumempeleka mtu mmoja.

Simu nazo zimeongeza. Zamani bendi ilisifiwa kwa mdomo, na msifiaji alilazimika kueleza walivyopiga. Sasa kinachosambaa ni kipande cha nusu dakika, na kamera ya shabiki inamfuata nani? Uso wa mwimbaji. Tumba halionekani, besi haisikiki kabisa kwenye spika ya simu. Mtu wa Dar akiombwa maoni kwa kipande hicho, atajibu kuhusu alichokiona.

Hoja ya wenye kumbi inaeleweka zaidi ukikaa kwenye onyesho lenyewe. Anayekwenda kumtazama msanii mkubwa anakijua kila kiitikio kabla hajatoka nyumbani. Anayeketi kwenye baa ya wazi pale Ligula au Mikindani, hapa Mtwara, kuisikiliza bendi asiyoijua hana anachosubiri. Wanaanza na nyimbo mbili tatu za kukopi, zilipendwa ambazo hata mhudumu anaziimba huku amebeba sinia. Watu wanaendelea kula samaki. Kisha wanapenyeza wimbo wao. Mpiga tumba anaacha mwendo wa dansi na kushika mapigo ya sindimba, ngoma ya Wamakonde, solo linachelewa kidogo kuingia, likiingia limetulia, na mazungumzo mezani yanakatika. Watu wanaulizana: hawa wametoka wapi? Ikifika kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, mama aliyekuwa ameligeuzia jukwaa mgongo ameshageuza kiti, na kuna mzee anakwenda mbele na noti ya elfu mbili kumtuza mtu ambaye hajui jina lake.

Starehe ile haipatikani mahali pengine, nakiri hapo siwezi kuwa hakimu asiye na upande. Lakini hata ukiiweka kando, kuna kazi inayofanyika usiku ule. Mpiga solo ameona ni kipande gani kiliwainua watu na ni kipi kiliwarudisha kwenye samaki wao. Ijumaa inayofuata wimbo ule ule unapigwa tofauti: utangulizi umefupishwa, chemko imerefushwa. Baada ya miezi kadhaa mbele ya watu wale wale, wenye masikio yale yale na ulimi usio na huruma, wimbo umekuwa wimbo. Bendi inayosafiri kutafuta bahati haipati nafasi hiyo, maana kila usiku inapiga kwa wageni, na mgeni hakwambii kitu zaidi ya kuondoka.

Bendi za mikoani zilizowahi kutikisa nchi hii zilipitia njia hiyo. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa ya Morogoro. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa za Tanga, na Tabora nayo ilikuwa na Tabora Jazz yake. Dar ilikuwa mahali pa kurekodi Redio Tanzania. Na watu wa Kusini wana wa kwao wa kujivunia katika jambo hili: Halila Tongolanga aliimba Kimakonde na akasikika mbali sana nje ya Umakondeni. Tamasha la MaKuYa, la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, lilipoanza Mtwara mwaka 2008 lilionyesha pia kwamba watu wa huku wako tayari kujaa kutazama vitu vyao.

Wakati huo huo promota wa Dar anajua vizuri kalenda yetu kuliko sisi. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yakianza kuingia matamasha nayo yanashuka. Wasafi Festival ilipozinduliwa Novemba 2018, ilianzia Mtwara. Silaumu, mtu anafuata soko. Ila kwenye mengi ya matamasha hayo wimbo unatoka kwenye flashi, msanii anashika maiki na kuwaelekezea mashabiki wamalizie kiitikio. Hakuna mpiga besi wa Masasi au Nachingwea atakayejifunza kitu pale, na fedha ya korosho inapanda basi kurudi lilikotoka onyesho. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Dar upande wa Kilwa, hakuna msanii wa Dar ambaye angefika hapa kwa barabara hiyo. Waliobaki kutupigia muziki ni hawa tunaowaambia wahame.

Sasa, wanaotetea kubaki nao wana la kujibu. Kwanza, ile 21,400 kwa wiki haifiki hata 90,000 kwa mwezi wa wiki nne, na aghalabu anayemhubiria kijana subira ana mshahara au ana mikorosho. Pili, nyumbani kunaweza kuharibu. Nimewaona wanaopiga zilipendwa zile zile mwaka hadi mwaka kwa sababu marafiki wanatuza chochote, mpangilio ni ule ule, gitaa halijawahi kusawazishwa vizuri na hakuna anayethubutu kusema. Bendi ya namna hiyo ingefaidika na usiku mmoja tu mbele ya watu wasioijua. Na ukweli wa tatu unauma zaidi: wenye kumbi wanaosema "wakomae hapa" si wote wana nia njema. Wengine wanapenda bendi changa kwa kuwa ni rahisi, inalipwa kwa sahani ya chipsi na ahadi.

Hata hivyo, tofauti kubwa kati ya zamani na sasa inaupa nguvu upande wa kubaki kuliko unavyodhaniwa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya mwaka 1971 ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa TANU. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwimbaji akihamia bendi nyingine, na walihama sana, alihama na sauti yake, vyombo vikabaki ukumbini, na Ijumaa nyingine bendi ikapanda jukwaani na mtu mpya. Leo gitaa ni la mpiga gitaa, kinanda ni cha mjomba wa mtu, spika za kukodi. Akiondoka mmoja, jukwaa linabaki na nyaya.

Kwa hiyo wale wanaochangishana nauli ya mwimbaji, ambao nia yao siitilii shaka hata kidogo, ningewaomba wafanye hesabu nyingine kabla ya kumfikisha stendi. Elfu sabini ile, ikichangwa mara kadhaa na watu wale wale, inakaribia bei ya drams zilizotumika. Drams zikiwa mali ya ukumbi au ya kikundi cha mashabiki, zikaandikwa hivyo kwa afisa utamaduni wa halmashauri ili kusiwe na ugomvi, mwimbaji akitaka kwenda aende. Ijumaa saa tatu usiku wengine sita watakuwa na cha kupigia.